Hakuna S Mwishoni

Kadhoro, tarehe 14 Mei 2023

Glodie, mtoto wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua habari za mvua kabla ya mawingu. Félicien anapakia samaki kwenye lori lake na amenipa nusu saa tu, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mnara wa simu haujatengenezwa tangu uchomwe, na naona tutaendelea hivi hivi kwa barua mpaka nizeeke kabisa.

Kuna jambo tunataka utusaidie. Jumatano walikuja watu wawili wa Bunia kwa pikipiki, wakabandika karatasi kwenye mlango wa shule, wakaondoka bila hata kunywa maji. Imeandikwa kwa Kifaransa. Unajua mwalimu mkuu hakurudi tena tangu tukimbie ule mwaka wa 2018, na huyu aliyebaki wa darasa la kwanza, Kifaransa chake kinaishia kwenye kuhesabu. Kapita Aaron, kama mkuu wa kijiji, akaniita mbele ya watu: «Mama Martine, ni weye unasomaka ku kanisa. Tusomee basi hii karatasi.»

Nikawasomea, herufi kwa herufi, kwa sauti yangu ile ya Jumapili. Walinisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza Aaron akauliza inasema nini, nami nikamjibu kwamba kusoma nimesoma, mambo ya kuelewa yako Bunia kwa Glodie. Maneno makubwa ya juu nimeyanakili kama yalivyo:

ENQUÊTE DE VACANCE

Chini kuna maneno madogo mengi pamoja na mchoro wa mistari. Hayo sikuyaweza, Félicien anapiga honi.

Jana Jumamosi nilishuka ufukoni kumsalimia Papa Hubert. Wajane wenzangu wana makaburi ya kupalilia. Mimi nina pale kwenye mchanga tu, aliposukuma mtumbwi mara ya pili kwenda kuwavusha waliobaki, akaniambia nisiondoke hapo, na ziwa halikumrudisha. Nilimweleza kwamba umepata diploma. Angefurahi mno, maana ndiye aliyekuwa akisema tumsomeshe huyu msichana Kifaransa ili asitokee mtu wa kutudanganya kwa makaratasi.

Samaki ni wako. Usimpe mwenye nyumba wote.

Shangazi yako,
Martine


Bunia, Bigo, tarehe 19 Mei 2023

Shangazi mpendwa,

Samaki wamefika, na mwenye nyumba wangu, Mama Séphora, alizijua habari zao kabla sijafungua mfuko. Nimempa watano. Usinigombeze, kodi nimechelewa naye kanyamaza.

Kazi bado. Asubuhi nakaa kwenye kibanda cha fotokopi njia ya kwenda Saio, nachapa barua za watu wanaoomba kazi, na jioni nachapa yangu. Mwenye kibanda anasema barua yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Kwa nini basi hawaijibu, hajui.

Sasa hiyo karatasi yenu. Shangazi, mmehangaika bure! Enquête ni uchunguzi, ni watu kuja kuulizauliza. Vacances ni vakansi, likizo ya shule, ile ile niliyokuwa naihesabia siku kwa mkaa ukutani mpaka ukanichapa. Ila umesahau kuweka s mwishoni. Kwa Kifaransa vakansi ina s siku zote, na kama Papa Hubert angekuwepo ungepiga magoti kama mimi nilivyopigishwa. Kwa hiyo hao ni watu wa elimu, wanataka kujua shule zifungwe lini. Mchoro huo labda ni ramani ya shule.

Waambie wazee watulie. Wakija tena wapokeeni vizuri, maana shule inahitaji mabati, na mgeni aliyekula samaki hasahau.

Nisalimie ziwa na aliyemo.

Glodie wako


Kadhoro, tarehe 4 Juni 2023

Glodie mtoto wangu,

Barua yako niliisoma kanisani baada ya matangazo, yote, hata pale pa mkaa ukutani. Watu walicheka mpaka pasta akacheka. Tulikuwa tumeogopa, wacha nikuambie ukweli. Karatasi ya serikali kwetu haijawahi kuleta kitu cha kupika. Aaron alisimama akasema tuna bahati ya kuwa na mtoto Bunia, na wanawake wa kwaya wakakupigia vigelegele, nami nikakaa kama mama wa bibi harusi.

Lakini kuhusu s, nimerudi mlangoni kuangalia. Hakuna. Nimeangalia mara mbili, na Gracieuse wa kwaya ameangalia pia. Labda waliochapa ndio waliosahau.

Wale watu walirudi Alhamisi. Mkubwa wao anaitwa Bwana Roger, ana kitabu kikubwa cha kuandika na viatu vizuri mno kwa njia yetu. Walikaa mbele ya shule tangu asubuhi. Tuliwaletea viti vya kanisa na samaki wa kuchoma. Mwishoni Bwana Roger akauliza: «Ku mambo ya hii vacance, iko mutu mwenye iko na neno?»

Aaron akasimama na kofia mkononi. «Hapana, Patron. Vakansi ifike ku wakati yake. Siye tunakubali.»

«Wote?»

«Wote kabisa. Na mutukumbukie mabati.»

Bwana Roger alitutazama kidogo, kalamu ikiwa hewani. Nadhani alishangaa jinsi tulivyo wapole. Akasema: «Mabati itakuwa mingi. Hapa kutajengwa kitu kikubwa.» Tukapiga makofi. Aaron akatia sahihi, na wazee watatu wakaweka vidole. Hakuna aliyebisha, ilikuwa siku nzuri.

Papa Hubert anakusalimu.

Martine


Bunia, Bigo, tarehe 27 Agosti 2023

Shangazi,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimepata kazi! Ni katika ofisi moja inayopanga majengo ya umma hapa mkoani. Mimi ni wa kuchapa: barua, ripoti, maamuzi, chochote Bwana Zacharie atakachoweka mezani. Ni mtu mkimya, hapendi makosa ya herufi. Ameniambia siku ya kwanza kwamba katika kazi hii koma moja inaweza kuhamisha barabara. Nilicheka, yeye hakucheka.

Na kuna lingine. Juzi nilichapa orodha ya miradi ya mwaka, na jina la Kadhoro limo! Soko la kisasa la samaki kando ya ziwa, lenye paa, vyumba vya barafu na gati la saruji. Sijaliona faili lenyewe, ni orodha tu, lakini nilisimama pale ofisini machozi yakinitoka, wenzangu wakadhani nimefiwa. Hebu fikiria, Shangazi, hutakausha tena samaki kwenye mawe ukiwafukuza kunguru siku nzima.

Mwambie Papa Hubert kwamba sasa mimi ndiye ninayechapa hayo makaratasi.

Glodie


Kadhoro, tarehe 22 Oktoba 2023

Glodie,

Hongera ya kazi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya mambo ya hapa.

Mashine imekuja. Wamepima ufuko wote, tangu kwenye matete mpaka kwenye majabali, wakachomeka vijiti vyenye rangi nyekundu. Pale tunapoanika samaki kuna vijiti. Pale tunapochota maji kuna vijiti. Pale pangu pia. Wanasema ukuta utazunguka mahali pote, kwa ajili ya usalama wa soko. Wewe umekulia hapa, unajua hakuna upande mwingine: kushoto matete yanameza mtu, kulia majabali. Aliyebaki na kiu ataenda mpaka mtoni, mwendo wa saa moja na nusu, na ndoo kichwani.

Aaron alikwenda kuwaambia huu ufuko una watu. Wakamtolea kitabu na kumwonyesha sahihi yake mwenyewe. Imeandikwa kwamba hii ni ardhi isiyo na mtu, na kwamba sisi wenyewe tulikubali. Mzee wa watu alirudi nyumbani akalala mchana, yeye ambaye halali mchana. Anauliza kila anayepita: «Tulikubali siku gani?»

Bwana Roger alizungumza nami pembeni, ila hayo si ya kuandika.

Mtoto wangu, soko hatulikatai. Nani anakataa paa? Kwa kuwa uko ofisini, angalia kama njia inaweza kubaki. Njia tu, upana wa wanawake wawili wenye mabeseni wakipishana. Ukuta wao uzunguke kwingine kote.

Shangazi yako


Bunia, Bigo, tarehe 9 Novemba 2023

Shangazi mpendwa,

Nimepata barua yako. Kazi ni nyingi sana mwezi huu. Mvua inanyesha kila siku na barabara ya Bigo imekuwa tope tupu, motari mmoja aliniangusha na pikipiki yake juzi lakini sikuumia.

Kuhusu ile njia, nitaangalia. Mafaili ni mengi na si yote naruhusiwa kuyafungua.

Ile barua yangu ya mwezi wa tano, iliyozungumzia mkaa ukutani, bado unayo? Nauliza tu.

Mama Séphora anakusalimu. Umetumia dawa ya goti?

Glodie


Kadhoro, tarehe 21 Januari 2024

Glodie,

Noeli imepita. Tulikungoja. Félicien alisema umemwambia kazi haikuruhusu, nasi tukasema sawa.

Ukuta umekwisha. Ni mrefu kunizidi, na juu wamechomeka vioo. Una mlango mmoja wa chuma, na wanaoingia ni wenye kadi za soko, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nje wamesimamisha ubao mkubwa wenye picha ya soko jinsi litakavyokuwa. Wamechora wanawake wenye meno meupe wakicheka, na nyuma yao ziwa. Ndilo ziwa tunaloliona sasa.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda mlangoni. Mlinzi ni kijana mwenye adabu, si mtu wa hapa. Nikamwambia: «Niko naenda kusalimia bwana yangu.» Akauliza: «Anatumika humu ndani, mama?» Nikamwambia hapana, yuko ndani ya maji. Alinitazama, akaona haya, akavua kofia. Lakini hakufungua. Alisema akifungua atafukuzwa, na nadhani ni kweli.

Basi nikauzunguka ukuta mpaka pale panapokaribiana na majabali. Maji hayaonekani, ila yanasikika yakipiga. Nilimwita Hubert kutoka hapo. Nilijisikia mjinga, mtu mzima anapiga kelele ukutani, halafu nikalia. Miaka mitano nilikuwa silii nikienda kwake, kwa sababu nilikuwa namwona, yaani naona alipo. Sasa ndiyo nimefiwa, Glodie.

Usijibu haraka kama una kazi.

Martine


Bunia, Bigo, tarehe 18 Februari 2024

Shangazi,

Nimeiandika barua hii mara nne, na hii nitaipeleka kwa Félicien mwenyewe kabla sijaichana.

Ni mimi. Ufuko nimeutoa mimi.

Faili nililifungua Novemba, wiki ile ile niliyokuandikia habari za tope. Ndani mna ripoti ya Bwana Roger na nakala ya karatasi ya mlangoni. Niliisoma mara tatu nikitafuta shule. Hakuna shule. Nikamwendea Bwana Zacharie kumwuliza, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya mtu mwingine. Hakuinua hata kichwa. «Vacance bila s, Mademoiselle. Ni udongo wenye hauna mutu. Yenye iko na s ndiyo ya batoto ya shule.»

Hakuna s, Shangazi. Uliniambia. Ulirudi mlangoni ukaangalia mara mbili na Gracieuse, ukaniandikia kwamba hakuna, nami nilicheka hapa kitandani peke yangu, nikasema Shangazi na Kifaransa chake.

Karatasi ile ilikuwa inauliza kama ardhi ya ufuko ina watu au haina. Yale maneno madogo yalisema kila mwenye haki, awe anaanika samaki au anapita tu, ajitokeze ndani ya siku thelathini, na itaandikwa. Mngesema tu tupo. Mngesema tu kuna njia. Nanyi mliwaletea viti. Ripoti inasema: «Wakaaji wote walikuwepo, walipokea ujumbe kwa furaha, hakuna aliyepinga.» Bwana Roger hakudanganya neno. Kama alielewa kwamba hamkuelewa, sijui, na kila nikikumbuka ile kalamu yake hewani namchukia. Halafu nakumbuka kwamba yeye hakuwaandikia mtulie.

Nilimwomba Bwana Zacharie njia. Upana wa wanawake wawili, nilimwambia hivyo hivyo. Alisema mchoro umesainiwa, na kwamba mtu asiyesema ndani ya siku zake, kwa serikali, hayupo. Niliandika ombi hata hivyo, nikalichapa vizuri bila kosa, nikaliweka mezani kwake. Nimeliona jana likiwa chini ya kikombe chake cha chai.

Papa Hubert aliuza wavu wake mkubwa nisome Kifaransa. Sijui nimfanyie nini mtu huyo.

Sikuja Noeli kwa sababu niliogopa kanisa. Nitakuja Pasaka. Nitasimama mbele, pale pale barua iliposomwa, niwaambie watu kwamba si Aaron aliyeuza ufuko wala si wazee wenye vidole, ni Glodie mwenye diploma. Wakinifukuza, nitaondoka na lori la jioni. Naomba tu wewe usikae kiti cha mbele siku hiyo, maana nikikutazama sitamaliza.

Glodie


Kadhoro, tarehe 10 Machi 2024

Glodie, mtoto wangu,

Usije kusema kitu kanisani. Njoo Pasaka, ule, ulale, uimbe na wengine. Hayo mengine nimekwisha kuyasema mimi.

Nilijua tangu mwezi wa kumi. Bwana Roger aliponiita pembeni aliniuliza: «Mama, ni nani aliwaambiaka kama ni vakansi ya shule?» Nikamwambia sikumbuki. Akanieleza lile neno taratibu, kama unavyomweleza mtu habari za msiba, na nafikiri hata yeye hakupenda. Nilirudi nyumbani nikaichukua barua yako ndani ya Biblia, nikaisoma tena yote. Iliandikwa kwa upendo, Glodie, hilo nililiona. Halafu nikaiweka kwenye moto wa samaki. Ulipouliza kama bado ninayo, nilijua nawe umejua, nikangoja useme. Nimengoja muda mrefu, lakini umesema.

Jumapili iliyofuata, mwezi huo huo wa kumi, watu walitaka barua isomwe upya. Nikasimama nikawaambia: «Munikasirikie mimi. Glodie aliandika muzuri. Ni macho yangu. Yeye aliandika kama tukatae, na mimi nikasoma kama tukubali.» Hakuna aliyenitukana, ingekuwa afadhali wanitukane. Gracieuse alijua si kweli, aliinamisha kichwa tu. Tangu siku hiyo ndiye anayesoma yeye, na mimi nakaa nyuma karibu na mlango, ambapo upepo ni mzuri kwa goti.

Usilie. Nilipima. Mimi kijiji kinanijua miaka sitini, kinaweza kunikasirikia na bado kikaniletea unga. Wewe ukipoteza mahali hapa hutapata pengine. Tena wasichana wanne wa hapa wanasoma kwa sababu yako. Wakisikia kwamba diploma ndiyo iliyotoa ufuko, baba zao watawarudisha shambani mchana huo huo.

Nakuomba kitu kimoja. Huko ofisini, siku utakapochapa tena lile neno kwa ajili ya ufuko wa watu wengine, andika chini yake kwa Kiswahili. Bwana Zacharie akikugombeza, mwambie ni koma.

Bado naenda kila Jumamosi, kule kwenye majabali. Yule mlinzi huniwekea kiti upande wa nje. Namweleza Hubert habari zote kwa sauti, ukuta ni mnene. Ya kwako pia nimemweleza. Nimemwambia nilisoma vibaya, kwamba ni macho yangu, na kwamba Kifaransa chako ni safi kama alivyotaka. Alinyamaza, akaamini.

Kwa hiyo ukifika Pasaka tukienda pamoja kumsalimia, tafadhali, usije ukamwambia lingine.

Shangazi yako,
Martine